Plau Iliyokwenda Magunga

Ninyi wa rika langu mtaniunga mkono: enzi zetu kitu hakikuwa cha mtu mmoja. Moto tuliazima, tukaukimbiza nyumbani kwenye kigae usije ukazimika njiani. Chumvi tuliazima kwa kijiko na kwa kijiko ikarudi. Sufuria kubwa ya Dani, yaani nyanya yetu mzaa baba, ilihudhuria matanga mengi kuliko mchungaji. Na lile koti la kijivu la baba lilioa mara nne, ilhali mwenyewe alioa mara moja tu. Leo hebu mwombe kijana chaja. Atakukodolea macho kama umemwomba figo, kisha akuulize utairudisha saa ngapi.

Nawacheka, lakini siwacheki sana. Kitu cha kuazimana kinaweza kumponza mtu, nami nilikiona kikitaka kumponza mama yangu mzazi.

Kwetu ni Nyatike, mwendo mfupi tu kutoka Sori. Upepo wa ziwa ukivuma mchana, kila nguo iliyoanikwa inanuka omena, wale dagaa wa ziwani. Shuleni, kila Ijumaa tulikwenda na samadi mbichi ya ng'ombe ya kupaka sakafu ya darasa. Mkono wa kushoto samadi, mkono wa kulia mkebe wa nyoyo, mahindi na maharagwe ya kula mchana, na katikati ya safari mikono ilibadilishana kazi maana mkebe ulikuwa mzito. Hakuna aliyeugua. Watoto wa siku hizi wakikanyaga tope wanaangalia viatu kwanza, halafu wanamwangalia mama. Sisi jioni tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira wa makaratasi, mpaka Dani aite majina yetu moja baada ya jingine, na aliyeitwa mara ya pili alijua fimbo iko karibu.

Lakini raha kuliko zote ilikuwa msimu wa kulima. Baba alivua samaki kisiwani Remba miaka mingi, na jasho lake lote la miaka hiyo lilikuwa plau moja ya chuma, nyekundu, iliyokaa chini ya dari ya ghala ikiwa imefunikwa gunia kama mgonjwa. Boma zima lilikuwa na plau hiyo moja. Sisi watoto tuligombania kuwaongoza maksai wetu, Rateng' mweusi na Rakwaro mwekundu, na harufu ya udongo mweusi unaopinduka baada ya mvua, jamani, hata leo nikiisikia nasimama.

Sasa, kwetu hakuna anayepanda mbegu kabla ya mkubwa wake. Dani alianza. Akafuata baba, kwa kuwa ni kifungua mimba wake. Kisha baba mdogo Ouma, kisha baba mdogo Okeyo. Ukimruka mkubwa wako umejiitia chira, laana ya kukonda bila ugonjwa, na chira haina hospitali. Ndiyo maana baba, kabla ya kurudi Remba mwaka ule, alisimama mlangoni akamwambia mama kwamba plau isitoke bomani mpaka shamba la Dani ligeuzwe. Mama akasema sawa. Mimi nilikuwepo nikichambua mboga, nikasikia kwa masikio yangu.

Wiki mbili baadaye akaja mjomba Otieno kutoka Magunga. Alikuwa kaka wa pekee wa mama, mtu wa maneno matamu, ndiye aliyembeba mama mgongoni kwenda shule mito ilipofurika. Alipewa kuku, akala, akasifu mchuzi, akasifu hata sahani. Halafu akasema shida yake. Kulikuwa na kipande kipya cha shamba alichotaka kukivunja mapema, jua bado kali, na plau ya kuazima Magunga nzima hakuna. Wiki moja tu. Mama alitazama mbingu, akaona haina hata wingu la kusingizia. Akatazama ghala. Angemwambiaje hapana mtu aliyembeba mgongoni? Lori lililoleta makaa Sori lilikuwa linarudi tupu upande wa kule, na plau ikaondoka juu yake na gunia lake.

Wiki moja ikapita. Ya pili ikapita. Mama akatuma neno kwa wachuuzi wa omena waliokwenda kuuza Magunga, nao wakarudi wakasema mjomba anasalimia sana. Akatuma tena. Mjomba anasalimia, na anauliza watoto wanaendeleaje. Mara ya tatu salamu zilikuja na mkungu wa ndizi. Nawaambia, aliyeazima kitu chako akianza kukusalimia kupitia watu, jua liko jambo.

Kisha mvua ikaja, wiki tatu kabla ya wakati wake. Ilinyesha kwa siku mbili, ikatulia, ikanyesha tena, na kila boma likatoa ng'ombe. Kushoto kwetu wanalima, kulia kwetu wanalima, sisi tunatazamana. Baba mdogo Ouma alikwenda ghalani, akakuta nafasi tupu na alama ya gurudumu kwenye vumbi. Siku hiyo mama aliitwa mbele ya Dani, mbele ya mashemeji zake wote wawili, akasema alipoipeleka.

Mama, kama wake wote wa kwetu, aliitwa kwa jina la alikotoka: Nyar Magunga, binti wa Magunga. Lilikuwa jina la heshima. Mchana ule Ouma alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Nilikuwa nyuma ya nyumba na kuni kichwani nilipomsikia akisema, "Kama plau imekwenda kwao, basi kaka akirudi, huyu mke wake naye aifuate."

Nilikuwa na miaka kumi. Sikujua kama ni hasira tu au ni hukumu. Nilichojua ni kwamba baba alikuwa amepelekewa habari za mvua na angekuja siku yoyote, na kwamba mama, aliyekubali mbele yake, alikuwa amevunja ahadi. Niliingia ndani nikachukua viatu vya mama vya safari, vile vyeusi vya kisigino kifupi, nikavificha ndani ya kapu la kuku anayeatamia. Niliwaza kwamba bila viatu hawezi kwenda Magunga. Jumapili alikwenda kanisani na kandambili, wanawake wakanong'ona kwamba Nyar Magunga sasa anajishusha ili ahurumiwe, nami nikakaa kimya na dhambi yangu.

Mtauliza kwa nini Dani hakuchukua tu jembe la mkono. Hata Ouma aliuliza hivyo. Kwa mila, Dani hakuhitaji kulima shamba zima. Angechimba kijishamba cha ukubwa wa mkeka, akatupa punje chache, mama naye angefanya vivyo hivyo kwa niaba ya baba, na njia ingekuwa imefunguka. Ouma na Okeyo wangekwenda kutafuta plau za watu na kupanda mashamba yao. Siku ya kwanza Dani alisema mgongo unamuuma. Siku ya pili alisema mbegu hazijachambuliwa vizuri, akazimwaga kwenye ungo na kuzichambua upya, zile zile, mpaka jioni. Siku ya tatu Okeyo alimletea jembe lenye mpini mpya mpaka mlangoni. Dani akaupapasa mpini, akasema ni wa mti mbaya, utamtoa malengelenge. Siku ya nne alitazama mvua inayotiririka kwenye paa akasema hiyo si mvua, inadanganya. Wanawe walikuwa wanasaga meno. Shuleni wenzangu walikuwa wanajisifu mahindi yao yameshachungulia, na mimi nilimchukia bibi yule kwa ubishi wake. Naam, nilimchukia, nasema bila kuficha.

Siku ya tisa tulikuwa tunatoka shuleni, tumevua viatu kuvuka kijito, nikaona ng'ombe wawili nisiowajua wanapanda ng'ambo. Nyuma yao walikuwa wanaburuta gogo la panda, na juu ya gogo kimefungwa kitu chekundu. Mtu aliyewaswaga alikuwa na tope mpaka kiunoni. Alikuwa mjomba Otieno. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna gari lililopita, na alikuwa ametembea siku mbili kutoka Magunga na maksai wake mwenyewe. Hata sikumsalimu. Nilitimua mbio mpaka nyumbani, begi likinipiga mgongoni, nikipiga kelele kwamba plau imekuja, plau imekuja.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Mjomba alisimama mbele yake, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno tamu.

"Dada, ilivunjika siku ya pili," alisema. "Iligonga jiwe. Nikaona aibu kukuambia, na salamu zikawa rahisi kuliko ukweli."

Kile chuma cha mbele kinachokata udongo kilikuwa kimepasuka katikati. Alikuwa amehangaika muda wote huo kutafuta kingine, akakosa, mwishowe fundi mmoja wa vyuma akamfulia kipya kwa springi ya lori bovu. Mama alikaa pale pale kwenye tope na gauni lake, akalia kama mtoto, halafu katikati ya kulia akaanza kucheka. Nami nililia, na sikujua kwamba mtu akipona hofu analia pia.

Mnajua nani alitoka mbio? Dani. Yule mwenye mgongo. Alitoka na ungo wa mbegu kichwani, wima kama askari, kabla hata mgeni hajapewa maji ya kunywa. Mkwe wa watu, ambaye kwa heshima alipaswa kukalishwa kwenye kiti na kuchinjiwa, alipelekwa moja kwa moja shambani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alilima la Dani jioni ile mpaka jua lilipogusa ziwa, na Dani akawa nyuma yake kwenye mitaro akidondosha mbegu. Kesho yake akalima la kwetu. Alipofika la Ouma, Ouma alishika mjeledi akaongoza ng'ombe, na hiyo kwa Ouma ilikuwa kuomba msamaha.

Baba aliwasili siku ya nne. Aliikuta plau shambani kwa Okeyo, shemeji yake ameishika, mkewe anapanda. Aliinama, akakipapasa kile chuma cheusi kigeni kilichoungana na wekundu wa plau yake. Akamtazama mjomba. Akamtazama mama. Mama aliinamisha kichwa.

Dani akamwambia, "Mwanangu, umefika. Vua viatu, kazi bado iko."

Akavua. Habari yote alikuja kuijua polepole, na alipoijua kulikuwa na chipukizi mashambani. Hasira haiwezi kusimama vizuri mahali penye chipukizi. Mahindi yetu yalichelewa kidogo, tukachoma mabichi wakati wenzetu wanavuna, lakini tulikula, na hakuna aliyeifuata plau kwenda popote.

Nilidhani kwa miaka mingi kwamba tuliokolewa na mjomba. Mwaka jana tu, Dani akiwa amelala kaburini siku nyingi, mama alinieleza mengine tukimenya viazi. Lori lile la makaa lilipoondoka, mama hakuweza kula. Alikwenda kwa Dani siku hiyo hiyo, akapiga magoti, akamwambia amefanya nini. Kwa hiyo Dani alijua kabla ya wote, na siku ile Ouma alipomwita mama mbele yake, alishangaa kwa kujifanya tu. Alijua pia kwamba siku atakapogusa jembe la mkono, kila mtu angekwenda njia yake, na shamba la mama lingebaki peke yake bila kulimwa katikati ya mashamba yaliyolimwa, likimsubiri baba arudi aone. Alimwambia mama, "Mimi ndiye ninayefungua. Nitaumwa mgongo mpaka kaka yako aone haya."

Nilikaa na kiazi mkononi nikashindwa kukimenya. Siku tisa za mvua! Mama mkwe, amehatarisha chakula cha wanawe watatu, anatukanwa chini chini na wajukuu, kwa ajili ya mtoto wa watu. Nilifurahi kiasi cha kuumia.

Mimi leo nawaazima watu vitu, tena vya bei, ila namwambia mtu waziwazi: kikivunjika niambie siku hiyo hiyo. Chuma kina fundi wake. Kimya ndicho kinachoharibu watu.

Siku hizi nyumbani hakuna maksai. Trekta linapigiwa simu, linatoka Migori asubuhi, linamlimia aliyepiga, saa sita limeshaondoka. Msimu huu lilianzia kwa mtoto wa mwisho wa Okeyo, kijana ambaye hata masharubu hayajatimia. Mama sasa ndiye mkubwa wa boma, yeye ndiye wa kufungua. Alikuwa mlangoni na mbegu kwenye sahani. Kijana alimpungia mkono kwa furaha kutoka juu ya trekta, akaendelea. Nilikasirika, nikamuuliza mama kama hakuumia.

"Niumie nini?" alisema. "Afadhali hivi. Siku hizi hakuna mke wa mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya plau."

Nikaona kweli, nikashusha pumzi. Tukasimama tukitazama trekta linavyomeza shamba kwa dakika chache, kazi ambayo sisi tuliifanya kwa siku nzima. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama anayejiuliza mwenyewe:

"Ila siku mtu akikosea, nani atamngojea kama nilivyongojewa?"