Siku Niliyomwita Konso Akiwa Ng'ambo

Nilipokuwa mtoto, pale Viwanja Sitini, Ifakara, nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko umri wangu. Nalisema hili mapema ili mtu asianze kunionea huruma kabla hajajua nilichofanya. Bibi aliyenilea alizoea kusema kwamba mimi siwezi kungoja hata maji ya chai yachemke. Ni kweli, sikuweza, na mpaka leo mume wangu anayo malalamiko yake.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na marafiki wawili. Mwanaidi alikuwa binti wa mwenye duka la kona, watu wa pwani waliofuata biashara ya mchele huku bondeni. Konsolata, ambaye sote tulimwita Konso, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Konso alikuwa na adabu mpaka inachosha. Ukimwita, hata awe anafua, anaitika "abee" na miguu tayari imeshaanza kuja. Alituitikia hivyo hata sisi wenzake. Mwanaidi alikuwa akimwita makusudi, mara tano kwa saa moja, ili tu aisikie ile abee. Konso anakuja, anaambiwa hakuna kitu, anacheka, anarudi kwenye nguo zake. Mama yake ndiye aliyemfunza, na kwa kuwa Konso alikuwa mtoto wake wa kwanza, mtaa mzima ulimwita yule mama Mama Konso. Jina lake la ubatizo sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Ilikuwa sikukuu ya Nane Nane, shule zimefungwa siku hiyo. Tulikubaliana kwenda kwa baiskeli hadi Michenga kwa mjomba wangu, ambaye alikuwa ameahidi kutuchomea kambale. Mwanaidi alikuwa na baiskeli yake mwenyewe, ya kike, nyekundu, yenye kikapu mbele na kengele inayolia vizuri. Mimi nilichukua ya marehemu babu, isiyo na kengele wala breki ya nyuma. Konso alikuja na ya baba yake, ndefu, yenye bomba la juu, na kwa ufupi wake ilimbidi apenyeze mguu chini ya bomba na kuendesha akiwa amejipinda upande. Cheni yake ilikuwa imelegea. Tulijua hivyo tangu asubuhi.

Bibi alikuwa uani anapepeta mchele. Alikuwa mtoto wa wavuvi, amezaliwa kando ya mto, na kila aliyekwenda upande wa maji alimwambia lile lile.

"Mkifika majini msiitane majina," alisema. "Maji yakisikia jina la mtu yanamtaka. Mwenzenu akibaki ng'ambo, pigeni kengele. Akichelewa, mngojeeni."

Tuliitikia ndiyo Bibi, na tulipotoka tu nje ya uzio nikamwigiza, mdomo nimeubinua, na Mwanaidi akacheka hadi akayumba. Konso hakucheka. Alisema Bibi asingesema kitu bure. Nikamwambia yeye ni mshamba.

Sasa niseme ukweli, asubuhi ile ilikuwa nzuri. Sijawahi kupata nyingine kama ile. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, na ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wakila taratibu huku yangeyange, wale ndege weupe, wamewakalia mgongoni. Hatukuwa na haraka. Tulisimama kununua miwa, tukasimama tena kuimenya kwa meno, tukashindana kuachia mikono usukani. Mimi nilianguka. Konso alinipangusa goti kwa kanga yake, ile aliyofungiwa na mama yake kiunoni, na akanitemea mate kidogo penye mchubuko, kama wafanyavyo kina mama. Watu tuliopishana nao tuliwaamkia shikamoo huku tunaendesha, nao wakatuitikia marahaba, wakatuuliza sisi ni watoto wa nani. Nikifumba macho nausikia mlio wa ile cheni iliyolegea.

Kabla ya kufika Michenga kulikuwa na kijito. Wakati wa kiangazi watu walikivuka kwa miguu, ila si popote. Wavuvi walikuwa wamechomeka fito, moja hapa na nyingine pale, kuonyesha sehemu yenye kina kifupi, na njia yao haikwenda moja kwa moja. Ilizunguka upande wa kulia kukwepa mkondo, halafu ikarudi. Tulijua. Mjomba alishatuonyesha zaidi ya mara moja.

Mwanaidi alivuka kwanza, nikamfuata nikisukuma baiskeli, maji yakiishia magotini. Konso alibaki ukingoni kwa sababu cheni ilikuwa imechomoka. Alichuchumaa, vidole vimejaa grisi, anahangaika nayo. Mwanaidi akapiga kengele. Konso akainua mkono mmoja kuonyesha kwamba amesikia, akaendelea na kazi yake. Mwanaidi akasema tukae tumngoje, akaketi kwenye nyasi.

Mimi nilikuwa na njaa. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine. Nilikuwa nawaza kambale.

Nikasimama ukingoni, nikaweka viganja mdomoni, nikamwita jina lote, kwa sauti ya mwalimu wetu anapoita mahudhurio.

"Konsolata!"

Mwanaidi akaniambia nyamaza. Nikaita tena. Konso akainuka, akacheka, maana aliijua ile sauti ya mwalimu.

"Abee!"

Na akaja. Aliishika baiskeli kwa usukani, akaingia majini palepale alipokuwa amesimama, macho yamenielekea mimi. Hakuzitazama fito. Hatua nne, tano, bado anacheka. Kisha baiskeli ikaelemea upande mmoja, ikamvuta, na nikauona mkono wake, halafu nikaona maji tu.

Tulipiga kelele. Wavuvi walikuja mbio, wakapiga mbizi, wakamtoa, lakini muda ulikuwa umeshapita. Baiskeli waliitoa baadaye. Cheni ilikuwa imekaa mahali pake. Alikuwa ameshamaliza kuitengeneza.

Jioni baada ya maziko Bibi alituketisha mimi na Mwanaidi jikoni. Hakufoka. Aliuliza neno moja tu, "Mliitana?"

Mwanaidi akatazama chini. Mimi nikasema, "Hapana, Bibi. Tulipiga kengele."

Nilidhani uongo ule ungeishia pale jikoni. Haukuishia. Bibi aliniamini, akawaambia watu kwamba watoto walifuata walichoagizwa, hawakuitana. Basi watu wakaanza kutafuta sababu nyingine. Shangazi zake Konso wakakumbuka kwamba mwaka ule mpunga wa mama yake ulikuwa umezaa kuliko wa majirani wote. Wakanong'ona kuwa mtoto ametolewa kafara. Wakasema mama mwenyewe anajua alichokifanya. Mumewe alivumilia mwaka mmoja, halafu akahamia kwa ndugu zake, na mama akabaki na mwanawe wa pili, Fredi. Watu wa mtaani, wengine kwa woga na wengine kwa kudhani wanampunguzia uchungu, wakaacha kumwita Mama Konso. Akawa Mama Fredi. Mimi nikayaona yote hayo nikiwa nakwenda kisimani na kurudi, mdomo wangu mkubwa umefungwa.

Mwanaidi naye hakusema. Baba yake alihamishia duka Mkula, kando ya barabara, na tukaachana bila kuagana. Nikipita na basi hupaangalia mahali hapo. Sijawahi kushuka.

Mimi nimekuwa mwalimu, Morogoro. Watu hunishangaa kwamba siiti mahudhurio kwa sauti, napita madawatini nikiweka alama. Nimewaambia ni utaratibu wangu tu. Siku zangu za mwanzo kazini niliita, na mtoto mmoja wa kike nyuma kabisa akaitika "abee" huku anacheka, nikatoka darasani nikaenda kulia chooni.

Mwaka jana Bibi alifariki. Nilirudi kwa arobaini yake, na asubuhi, kabla ya watu kujaa, nikaenda nyumba ya tatu, kwao Konso. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo. Nywele zote nyeupe. Nikamwamkia, akaitika, akanikaribisha kigoda, akanipa pole ya Bibi. Nikaona nisipoyatoa wakati ule sitayatoa tena. Nikamwambia kwamba nilimwita. Kwamba nilimwita mara mbili, jina lote, kwa sababu ya njaa, na kwamba nikamdanganya Bibi, na yote aliyosemwa yeye yalitoka kwenye uongo wangu.

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa, akatoa jingine. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilitaka kufukuzwa.

"Aliitika?" akauliza.

"Aliitika, mama. Alisema abee. Alikuwa anacheka."

Ungo ukamtoka mikononi, mchele ukamwagika kibarazani. Alilia bila sauti, kwa muda mrefu, na mimi nikapiga magoti nikaokota punje kwa punje, kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Alipoweza kusema, alisema, "Miaka yote hii nilidhani alikuwa anaogopa." Kisha akanitazama usoni. "Umenichelewesha sana, mwanangu."

Hakusema amenisamehe, na sikuomba. Alichukua punje nilizookota akazirudisha kwenye ungo, akazipepeta.

Nimefikiri sana kuhusu yale maneno ya Bibi. Siamini kwamba maji yana masikio. Naamini mtu anayeitwa huacha kutazama anapokanyaga, akamtazama anayemwita, na mtoto aliyefunzwa vizuri kuliko wote ndiye anayekuja upesi kuliko wote. Wavuvi wa zamani walilijua hilo kwa kuzika watu wao, wakatafuta namna ya kuliweka ambayo hata mtoto angeliogopa. Kengele inakwambia tu kwamba unangojwa. Konso aliisikia kengele, akainua mkono, akaendelea kutengeneza cheni yake. Aliimaliza; asingeitwa, angezifuata fito. Leo angekuwa na watoto wake, wanaoitika.

Niliaga. Nilipofika kwenye uzio nikageuka. Alikuwa amerudi kwenye mchele wake, kichwa chini, na mtaa ulikuwa umeshaamka, watu wanapita na ndoo. Ukiacha zile siku za mwanzo darasani, tangu nikiwa na miaka kumi na miwili sikuwa nimepaza sauti kumwita mtu yeyote.

"Mama Konso!" nikaita.

Watu wawili waliokuwa njiani wakasimama. Yeye akainua kichwa polepole.

"Abee," akaitika.

Sikuwa na la kumwambia. Nilitaka tu aitwe.