Dawa ya Josho Ilimuua Paka Wangu, Sasa Inangoja Kichwa cha Mtoto

Mwenye barua hii anakaa katika laini, zile nyumba za wafanyakazi, za shamba moja la chai upande wa Kericho. Jina lake tunalo, hatutalitaja. Someni, mkimaliza mjibuni.

Bwana Mhariri na ninyi mnaosoma ukurasa huu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita. Tumetoka upande wa ziwani kufuata kazi ya chai. Nina mume na mtoto mmoja wa kike, ambaye hapa nitamwita Akinyi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana misheni walinifundisha, na naandika nikiwa na hasira ambayo sitaki kuificha.

Nilikuwa na paka jina lake Askari. Tulimpata sokoni Litein akiwa mdogo. Mnaokaa laini mnajua panya walivyo hapa, wanaingia kwenye unga wa posho na kukanyaga uso wa mtoto aliyelala. Kwetu nimeona watu wakifa kwa tauni, kwa hiyo panya kwangu si mchezo. Askari aliwamaliza, na majirani wakaja kumwazima kama jembe.

Halafu akaanza kuugua. Chini ya mkia nikaona vipande vyeupe kama punje za mchele, tumbo likavimba, mgongo ukakonda. Baadaye manyoya yakanyonyoka kwa miviringo, sikioni na shingoni. Hapa ndipo nakiri kosa langu. Kaka mkubwa wa mume wangu anafanya kazi kwenye josho la ng'ombe wa shamba, wale wanaokokota magari ya kuni. Nilikuwa nimeona ng'ombe wakitoka pale bila kupe hata mmoja. Nikamwambia, "Shemeji, niletee dawa kidogo ya josho, nimwoshe Askari." Mimi ndiye niliyemwomba. Hilo silikatai.

Alileta kopo. Lakini kabla sijalitumia, ikafika Alhamisi, siku ya josho, na msaidizi wa daktari wa mifugo akaja kukagua ng'ombe. Ni kijana Mkipsigis, mpole. Nikampelekea Askari ndani ya kikapu. Wanaume wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alimwangalia paka ulimi, tumbo, chini ya mkia, kisha masikio.

"Mama, umekawia," akaniambia. "Kama ni minyoo tu na paka anakula, anaruka, unaweza kungoja siku yangu. Lakini huyu anatapika, anakonda, tumbo ni kubwa. Hiyo sio ya kungoja. Na hii ya manyoya ni mapunye, itashika watoto. Leo nimebeba dawa za ng'ombe tu, Alhamisi ingine nakuletea ya minyoo na ya kupaka."

Nikamuuliza habari ya kopo. Uso ukambadilika. "Hiyo ni sumu. Ng'ombe tunamchunga asijilambe mpaka akauke. Paka nani atamchunga? Anajilamba siku nzima. Mwaga, mama, shimoni, mbali na maji."

Nikamwaga. Shemeji aliposikia, alikuja mlangoni kwangu kama polisi.

"Nyar Gem," akasema, yaani binti wa Gem, ndivyo anavyoniita, ingawa Gem si kwetu, nimebadilisha jina la mahali nisijulikane, "dawa yangu ni mbaya, lakini ya kijana wa Lumbwa, huyo Mkipsigis wako, ndio nzuri?"

Nikarudi jikoni kwangu. Kwetu mke hajibizani na kaka mkubwa wa mumewe, na huyu ndiye aliyetoa ng'ombe wa mahari yangu baba yao alipokufa. Hanisahaulishi hilo hata siku moja.

Jumatatu nilikuwa shambani nikichuma chai. Alikuja nyumbani, akamchukua Askari mbele ya Akinyi, akampeleka akamzamisha kwenye josho mpaka masikio. Akamrudisha ameloa, akamwambia mtoto, "Sasa amepona." Askari akakaa juani akajilamba, kama paka yeyote afanyavyo. Niliporudi alikuwa anatoa udenda, anatetemeka miguu. Jua halijazama akafa mapajani mwa mtoto wangu. Shemeji akasema ameuawa na minyoo. Alisema hivyo bila aibu, akila ugali wangu.

Sasa Akinyi ana mapunye kichwani, miviringo mitatu. Shemeji ameyaona. Amesema Alhamisi, ng'ombe wakimaliza, atamwosha mtoto kichwa kwa maji yale yale. Nikamlilia mume wangu. Mume wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaangalia chini akasema, "Kaka amesema. Ataosha kichwa tu, si mwili."

Mtoto alikuwa anasikia. Baadaye akanifuata jikoni, akaniuliza polepole, "Mama, nikioshwa, nisipojilamba sitakufa, sivyo?"

Bwana Mhariri, gazeti lako hutufikia karani akishamaliza kulisoma. Mkisoma haya, Alhamisi itakuwa imepita, kwa hiyo msihangaike kunishauri juu ya Alhamisi. Hiyo nimeshaipanga. Kabla ng'ombe hawajafika joshoni nitakuwa njiani na mtoto mgongoni, twende hospitali ya misheni, kisha kwa mama yangu. Nimevunja heshima ya boma lile na sijuti hata kidogo.

Ninalowauliza ni hili. Mume wangu atakuja kunifuata, namjua. Atasimama mlangoni kwa mama, ataniomba turudi nyumba ile ile, jirani na mtu yule yule. Mtoto naye atakuwa ameshika nguo yangu, anangoja kusikia nitajibu nini. Ninyi mngemjibu nini?