Plasta zangu zimebanduliwa kwa singo

Leo nimepandisha sauti kliniki ya mzio, mbele ya wanafunzi wangu wa udaktari. Niambieni nyie kama nimekosea.

Jumatatu nilimbandika binti wa Chukwani plasta za vipimo mgongoni. Sikukuu ya Idd alipakwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, mikono ikamtoka malengelenge, na Ijumaa hii anaolewa. Nikamwambia asiloweshe mgongo mpaka leo.

Leo kaja na somo yake, bibi anayemtunza kabla ya harusi.
Namfunua mgongo. Hamna plasta hata moja!
Mgongo unang'aa, unanukia singo, manukato ya kumsugulia bibi harusi, mpaka mlangoni.

"Bi mkubwa, nani kazibandua?"
"Mie. Bibi harusi hasingwi na viraka mgongoni, daktari."
Kasema huku anatabasamu!

Nikamweleza kuwa akipakwa piko tena anaweza kuvimba mpaka akashindwa kupumua.

"Kesho tutampaka kidogo tu. Watu watasema nini?"

Hapo ndipo nikapandisha sauti: "Jamani, si hina tupu ipo, isiyotiwa rangi!"

Nikamgeukia mwenye mikono: "Na wewe mwanangu, unataka upakwe?"

Anayaangalia makovu yake.

Akajibu somo: "Anataka."