Mama aliomba barabara ipite juu

Leo nimelia mu mukutano wa barabara, mbele ya watu wote wa Ngungu.

Injenieri aliniuliza tu: "Mama, wewe njo mukubwa wa miaka hapa. Barabara ipite wapi?"

Miaka ya sitini, nikiwa mutoto, mama yangu alisimama mu mukutano kama huu. Akaambia wakubwa: "Musiipitishe mu bonde. Mvua ikinyesha, maji itaikata. Ipite kwa mugongo wa kilima."

Wanaume walicheka. Mukubwa wa kazi akamujibu: "Mama, rudia maharagi yako."

Wakaipitisha mu bonde.

Mvua kubwa ya kwanza ikaikata. Siku ile ile dada yangu Furaha alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tulimubeba kwa kipoyi, machela ya miti, tukielekea disipanseri, mupaka pale maji ilipotuzuia. Tukangoja ipungue.

Haikupungua. Furaha alifia pale, mutoto angali tumboni.

Mama hakulaumu muntu. Alimufunika uso na kitenge chake, akakaa.

Basi leo nilionyesha kilima kwa kidole tu. Injenieri akaandika.

Wamama, kwenu wanawauliza? Niambieni.

Mimi nashukuru kuulizwa. Lakini leo Furaha angekuwa na wajukuu.