Tulilifundisha Gari Kusimama

Theluji sijawahi kuigusa, lakini naitazama kutwa nzima. Kazi yangu hapa Bukoto ni kukaa mbele ya kompyuta nikiangalia video za barabara za nchi za baridi, ili magari yasiyo na dereva yajifunze. Kila video ina swali: gari liende au lisimame?

Ofisi nzima tulikuwa tunajibu lisimame. Barabara imefunikwa, mistari haionekani, uende wapi? Hapa Kampala mvua ikishuka, watu wa boda wanajazana kwenye baraza za maduka, na bosi ukimwambia "mvua" haulizi la pili. Msimamizi alilalamika kwamba tunaogopa mno. Nilimjibu kwa hasira: wewe una nani kwenye hiyo theluji? Mimi nina mdogo wangu. Tulitoka Kongo pamoja, yeye akapata nafasi ya ukimbizi, akapelekwa kuishi huko kwenye baridi, na jioni hurudi kwake kwa gari kama hayo.

Jioni moja akanipigia, meno yanagongana. "Dada, gari limesimama porini. Theluji imezidi, limekataa kwenda. Linaniambia nisubiri tu."

"Si usubiri? Hapo ndipo salama."

"Salama gani! Betri inaisha, na joto linaisha nayo. Huku hakuna baraza, Dada. Ukisimama, baridi inakumaliza!"

Ee Mungu wangu! Na mimi nilikuwa nimejibanza barazani kwa muuza chapati, mvua inapiga, jiko lake linatupasha joto sote. Nikamwambia asilale, aongee, anitukane akitaka.

"Mjinga gani amelifundisha hili gari?" akasema.

Nikageuza maneno. Tuliongea habari za mama, za shule, za kila kitu, sauti yake ikizidi kuwa nzito, mpaka nikasikia mlango unafunguliwa, na mwanamume anaita. Alikuwa dereva wa gari la kuzoa theluji. Nililia mbele za watu; muuza chapati akadhani nimefiwa, akanipa kiti chake.

Kesho yake, video ya kwanza: barabara nyeupe, hakuna nyumba. Liende au lisimame? Nikamwita msimamizi.

"Ongeza jibu la tatu. Liende polepole mpaka penye watu, ndipo lisimame."

"Hilo halimo," akasema. "Bonyeza mojawapo, twende."

Nikaondoa mkono kwenye kompyuta. "Sibonyezi kitu mpaka liwemo."