Gari Hurudishwa, Mtoto wa Ubatizo Harudishwi

Mnapita. Kila asubuhi mnapita kwenye barabara ya Leskovac, na mkifika usawa wa lango la gereza shingo zote zinageukia upande wa pili, kwenye kituo cha mafuta, mnasoma bei ya dizeli kama watu wanaosoma sala. Ndiyo maana hamjawahi kumwona mwanamke anayesimama pale langoni kila Jumatatu na Alhamisi, iwe theluji, iwe jua la kupasua kichwa. Leo mtamwona, mpende msipende.

Saa moja kasorobo asubuhi. Kosara Stojiljković, mwenye umri wa miaka thelathini na tatu, amenyoosha mikono kama mtu anayepimwa koti kwa fundi. Askari Miodrag anapekua mfuko wake: kalamu, miwani, kipande cha pai ya jibini.

"Bado hujawa daktari, dada?"

"Bado, kaka Miodrag."

"Mwanangu alikuwa anaanza shule uliponijibu hivyo mara ya kwanza. Sasa ananiibia sigara."

"Mlete nimchunguze. Nitakufanyia bei ya ndugu."

"Bei gani, dada? Wewe hulipwi."

Hapo askari amesema kweli. Kosara anasomea shahada ya uzamivu ya saikolojia ya kitabibu ya mahakamani. Kazi yenyewe ni kukaa na mtu aliyetenda kosa, kumsikiliza, kumpima, kisha kusimama mbele ya jaji na kueleza kama mtu huyo ni mgonjwa, ni hatari, au anajifanya. Vitabu amemaliza. Kimebaki kitu kimoja: kesi ya mwisho ya mazoezi, iandikwe chini ya macho ya profesa na isomwe mahakamani. Gereza lenye wafungwa mia nne halijaajiri mwanasaikolojia hata mmoja. Lina Kosara, siku mbili kwa wiki, bure.

Bibi yake ndiye anayeumia zaidi. Majirani wakimuuliza mjukuu yuko wapi, hujibu, "Yuko gerezani," halafu mlango wa lifti unafungwa kabla hajamalizia.

Jioni Kosara anageuza nyama kwenye banda la kuchomea la mjomba wake, Tihomir. Analipwa dinari elfu mbili kwa jioni, pamoja na vipande vilivyoungua. "Wateja wanajua nasomea vichwa vya watu," anasema huku akipepea moshi. "Mtu anaagiza nyama ya kusaga na kitunguu, halafu ananiuliza kwa nini mke wake haongei naye. Namwambia, baba, anza kwa kupunguza kitunguu."

Kesi yake ya mwisho inaitwa Prvoslav Ćirić. Mnamkumbuka. Msijifanye hamkumbuki, maana wiki nzima mlicheka baa kwa baa. Ndiye mkulima aliyeingiza trekta lenye shehena ya pilipili hoho kwenye ofisi ya daktari wa mifugo, kupitia mlango uliokuwa umefungwa. Hakuna aliyeumia isipokuwa mashine ya kunakili, na paka wa ofisi, ambaye tangu siku hiyo hataki kusikia habari za milango. Anaingia kwa dirisha.

Mlichokicheka hamkukiuliza. Baba yake Prvoslav alikuwa amekufa wakati wa mavuno. Baada ya mazishi akaacha kulala. Kisha pampu ya kisima ikaanza kumwita kwa jina. Dada yake alimpeleka kutafuta matibabu, na hapa ndipo kumbukumbu zenu zinapopata ukungu, kwa hiyo zisaidiwe: kliniki ya magonjwa ya akili ya mji wetu ilifungwa ule mwaka tuliowekewa chemchemi yenye taa za rangi mbele ya manispaa. Fedha hazikutosha kwa vyote viwili. Tulipiga makofi maji yaliporuka. Wewe pia ulipiga.

Basi, baada ya lile trekta, Prvoslav akatibiwa kwa namna mji huu unavyojua: alifungwa miaka miwili na nusu.

"Nilipokutana naye mara ya kwanza, aliniomba radhi kwa ajili ya yule paka," anasimulia Kosara. "Si mlango, si mashine. Paka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama na mimi naisikia pampu."

Ripoti yake ilisema wazi: mtu huyu ni mgonjwa, hajifanyi, akitibiwa si hatari, na anastahili kuhamishiwa hospitali ya Niš. Hospitali ikakubali kumwekea kitanda hadi mwisho wa mwezi huu. Profesa akatia saini. Kilichobaki ni jaji kuisikia ripoti Jumatatu.

Tatizo likaja Jumatano iliyotangulia, limevaa koti zuri na limebeba chupa ya rakija, pombe kali ya plamu.

Alikuwa mama Desanka, mama yake Prvoslav. Banda la Tihomir lilikuwa limejaa. Mama akasimama katikati, akavua kitambaa kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza magazeti:

"Kosara, mwanangu. Binti yangu amejifungua. Nyumba yetu yote inakuomba uwe mama wa ubatizo wa mtoto."

Nyama zikaanza kuungua. Tihomir akazima feni ili asikie vizuri.

Kila aliyelelewa huku anajua kwamba ombi hilo halikataliwi. Unaweza kukataa mkopo, ukakataa mchumba, hata operesheni ukaikataa. Lakini mtu akikuomba umsimamie mtoto kwenye ubatizo, unasema ndiyo, na tangu dakika hiyo nyumba zenu mbili ni ndugu kuliko ndugu wa damu.

Na kila anayesomea kazi ya Kosara anajua kwamba mchunguzi hapokei kitu kwa familia ya mchunguzwa. Si zawadi wala chakula. Na ndugu yake hamchunguzi kabisa.

"Kichwa changu kilikuwa bado kinatafuta ukurasa wa kanuni," anasema Kosara. "Mdomo ukawa umeshasema ndiyo, mama, kwa heshima kubwa."

Banda zima likapiga makofi. Tihomir akatoa kinywaji kwa wote, jambo ambalo hajalifanya tangu timu ya taifa ishinde mpira wa kikapu.

Kosara akatoka nje, nyuma ya magunia ya mkaa, akampigia simu Profesa Zagorka Mladenović. Profesa ana miaka sitini na minane na ana sauti ya mlango wa ghala.

"Umepokea nini?"

"Mtoto, profesa."

"Mtoto gani?"

"Wa dada yake Prvoslav. Wa kubatizwa. Jumapili hii."

Kwenye simu kulisikika kiberiti kikiwashwa.

"Kosara, ungeniambia umepokea gari nisingekasirika hivi. Gari linarudishwa."

"Je, nikimwambia mama Desanka nimebadilisha mawazo?"

"Ukimwambia hivyo, mimi ndiye wa kwanza nitakayeacha kukusalimia. Una wazimu? Ombi kama hilo unalikataaje?"

Profesa alikata simu, akapiga tena baada ya dakika moja, akauliza mtoto ataitwa nani.

Jumapili mtoto alibatizwa na kupewa jina Vidan. Alimkojolea padri. Jumatatu, kabla jaji hajafungua mdomo, Kosara alisimama mahakamani na kutangaza kwamba tangu jana saa tano asubuhi yeye ni ndugu wa mfungwa, na ripoti yake haifai tena.

Kutoka viti vya nyuma mama Desanka akapiga ukunga. "Lakini nilifanya ili umwandikie vizuri!"

"Nilikuwa nimeshamwandikia vizuri, mama!"

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Hairuhusiwi!"

"Hivi mnasomea nini huko, kufichiana habari njema?"

Jaji aliomba utulivu, akauliza ni nani mwingine katika wilaya anayeweza kuchunguza upya. Hapo ndipo mji wetu ulipojivua nguo hadharani. Wataalamu wanaotambuliwa ni watatu. Mmoja ni Profesa Zagorka, ambaye saini yake ipo kwenye ripoti iliyokufa. Wa pili alimsimamia daktari wa mifugo siku ya harusi yake, yule yule wa mlango na paka. Wa tatu ni baba wa ubatizo wa mtoto wa mwendesha mashtaka. Karani akanong'ona kwamba hata jaji, kwa upande wa mke wake, ana ukaribu fulani na mwenye ile mashine ya kunakili.

Prvoslav akanyoosha mkono kizimbani. "Mheshimiwa, nikijitazama naona sina uhusiano na mtu yeyote. Naweza kujichunguza mwenyewe."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alipokuwa akipelekwa nje alipita karibu na Kosara na kumuuliza neno moja tu juu ya mtoto.

"Alilia?"

"Alilia sana."

"Vizuri. Mapafu yapo."

Kesi imeahirishwa hadi Jumanne ijayo. Asipopatikana mchunguzi asiyehusiana na mtu, kitanda cha Niš kinakwenda kwa mwingine, na Prvoslav anabaki gerezani na pampu yake, mahali ambapo dawa huja zikitaka. Kosara naye anabaki bila kesi ya mwisho.

"Mimi nitapata kesi nyingine," anasema. "Gereza limejaa kesi. Huyu ndiye hana kitanda kingine."

Hakukaa kulia. Alimpigia simu Ognjen Pejčić, mwanafunzi mwenzake wa uzamivu kutoka Sombor, kaskazini kabisa, mtu asiye na shangazi, deni wala mtoto wa ubatizo katika wilaya hii. Profesa wa Ognjen amekubali kusimamia uchunguzi mpya. Jaji naye amekubali, kwa sharti moja: mgeni asilale chini ya paa la mtu yeyote anayehusika na kesi.

Na hapa tumekwama. Hoteli yetu siku hizi ni duka la kamari. Chuo hakina senti ya malazi. Tihomir amejitolea kutoa chumba. Ni mjomba wa Kosara. Askari Miodrag amejitolea. Ni askari wa gereza lenyewe. Mama Desanka amejitolea kwa machozi, na ilibidi watu watatu wamweleze.

Kosara analitaka jambo kubwa kuliko hili. Anataka miji ibadilishane wanafunzi: wa Sombor waje kwetu, yeye aende kwao. "Huku kila mtu ni wa mtu," anasema, akikung'uta majivu kwenye aproni. "Mahakama inahitaji mgeni. Mimi nataka kuwa mgeni wa mji wa watu wengine, nifanye kazi yangu, wanipe kahawa, nirudi kwa bibi."

Sasa ni zamu yako, unayesoma huku ukitafuta ukurasa wa michezo. Una chumba. Tunakijua. Ni cha mwanao aliyeko ughaibuni, Stuttgart. Kitanda kimetandikwa, shuka limepigwa pasi, na mlango unafunguliwa Krismasi na Pasaka tu. Umekitunza miaka yote kwa ajili ya mtu asiyekuja, na kuna anayekuja Jumamosi kwa basi la saa nane.

Kama hukumsimamia mtu yeyote wa kesi hii kwenye harusi wala ubatizo, nenda kwa Tihomir leo, kabla ya mkaa kuwashwa, useme chumba kipo. Mpe kijana kitanda. Kahawa mpe pia; Profesa Zagorka ameiruhusu, maana kumnyima mgeni kahawa huku kungezaa kesi nyingine. Lakini kama una binti mjamzito, funga mdomo wako kuhusu ubatizo mpaka Jumatano.