Tambi za Dakika Ishirini

Jumanne iliyopita nilirudi jioni kutoka kazini, watoto wana njaa, na nikajikuta nimebandika sufuria ya maji jikoni kabla hata sijavua abaya. Nilikuwa nimeshatia chumvi na kuichana pakiti ya tambi kwa meno ndipo nikashtuka. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo, hapa hapa Ibra, Omani, nilipokuwa na miaka kumi: abaya mwilini, mkoba begani, pakiti mdomoni.

Wewe unazijua jioni za siku za kazi, sina haja ya kukueleza. Tambi zinaiva kwa dakika kumi. Huku zinachemka, unatia kikaangoni kijiko kimoja cha mafuta ya zaituni, kitunguu thomu, tungule nne (nyanya, wanavyoziita jamaa zetu waliotoka bara), mamumunye machanga, na jodari wa kopo aliyekamuliwa mafuta. Mchicha unautia mwisho usije ukafa. Unachota kikombe cha maji yale ya tambi ukamwagia juu, pilipili manga, ndimu, khalas. Watu wamekula vizuri na hakuna aliyelala na tumbo zito. Watoto wangu wanazigombania. Na mimi nazila, lakini nikizila peke yangu hazipiti. Nitakuhadithia kwa nini, na ukishasikia usinionee huruma.

Mama alikuwa nesi katika kituo cha afya upande wa Mudhaibi. Kila siku alikwenda na kurudi kwa gari yake ndogo nyeupe, ambayo kipoza hewa chake kilikuwa kinapuliza moto. Baba alikuwa na kazi ya serikali mjini Sur, akija nyumbani mwisho wa wiki tu. Kwa hiyo nyumba yetu, siku za wiki, ilikuwa ya watu watatu: mama, mimi, na bibi mzaa baba.

Bibi alizaliwa Unguja, mjini, na alikuja huku akiwa tayari mama wa watoto. Kila kitu cha huku alikipima kwa cha kule, na cha huku kikashindwa. Nazi za makopo alizinusa kama anayenusa winda la mtoto. Mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa nikisema "kitabu yangu", naye ananipiga kofi jepesi la paja: "Kitabu *changu*. Sema tena. Usinitie aibu mbele ya watu." Kiswahili hiki ninachokuandikia ni chake, sina cha mwengine. Alinisuka nywele, alinifundisha kupika visheti, na mchana nikitoka skuli nikiwa nimeiva kwa jua alinilaza mapajani pake akanipepea kwa kipepeo cha ukili. Nilimpenda. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Lakini mama yangu, bibi hakumpenda hata siku moja. "Mkaza mwana" ndilo jina pekee alilompa, na alilitamka kama mtu anayetema kokwa. Mama alikuwa amezaa mara moja tu, mimi, na wageni wakija bibi huanza, huku mama anawamiminia kahawa: "Tumbo limefungua duka, likauza bidhaa moja, likafunga." Wageni wanacheka. Mama anamaliza kumimina, anauliza nani aongezwe.

Kisha daktari akasema bibi ana maradhi ya sukari. Mama alirudi siku ile akalisafisha jiko zima. Akatoa unga mweupe, maziwa matamu ya kopo na samli. Akaleta kijimashine cha kutoboa kidole, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini akampima bibi. Na kwa kuwa alikuwa akirudi jioni hoi, tena hataki bibi ale mabaki yenye mafuta, ndipo akaanza zile tambi. Alitafuta za ngano isiyokobolewa, mboga nusu sahani, chumvi kidogo.

Jioni ya kwanza bibi aliitazama sahani kwa muda mrefu.

"Hizi nini?"

"Tambi, mama."

"Tambi nnazijua. Tambi hupikwa Ramadhani, kwa nazi na sukari na iliki, zikanukia mpaka kwa jirani. Hizi zimekaangwa na majani ya sungura."

"Ni kwa ajili ya sukari yako, mama. Onja kidogo."

Bibi alikula. Aliyekwambia alikataa amekudanganya. Alikula mpaka chini, kwa sababu zilikuwa tamu. Alipomaliza akaufuta mdomo akasema, polepole, ili nami nisikie vizuri: "Mwanamke anayepika kwa dakika ishirini, na mapenzi yake ni ya dakika ishirini."

Maneno yale yakawa wimbo wa nyumba. Akamwambia jirani, mama mmoja wa Kiomani asiyejua Kiswahili, akamfasiria kwa Kiarabu. Akamwambia baba kwa simu. Siku moja mama alichelewa, akapika kwa haraka, tungule zikaungua kidogo. Akanipakulia mimi kwanza. Nikaisukuma sahani nikasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya bibi, nikavuta na midomo kama yeye. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Mama alikishika kijiko cha kupakulia hewani, tambi zinaning'inia. Halafu akasema, "Kula mwanangu, zitapoa." Nilikula nikiwa na furaha. Nilikuwa nimemchekesha bibi.

Basi nikawa wa bibi kabisa. Mchana mama akiwa Mudhaibi, nikitoka skuli, bibi alinituma dukani. Kisahani cha halwa leo, kesho kashata, keshokutwa soda ya chungwa. Nilivifungia ndani ya mtandio wangu wa skuli. Bibi akavitia ndani ya sanduku lake la mbao, kwa kuwa alijua mama hatolifungua sanduku la mkwewe hata afe. Tukikaa kitandani, mlango tumeurudisha, tunakula kwa kijiko kimoja, zamu yake, zamu yangu. Zaafarani na maji ya waridi, unata wa halwa kwenye vidole. "Hii siri yetu," ananiambia. "Mama'ko anataka kuniua kwa njaa. Wewe ndiye unayenihuisha."

Mama akipima asubuhi, sukari iko juu. Anapunguza tambi, anaongeza mchicha. Anapima tena, iko juu zaidi. Nilimwona mara nyingi kakaa kwenye kigoda jikoni na daftari lake, anaandika kila alichompa bibi siku ile, anafuta, anaandika tena. Aliniuliza mara moja, "Mchana bibi anakula nini?" Nikamwambia, "Anachoacha mama." Alinipapasa kichwa. Nesi mzima, akamwamini mtoto wa miaka kumi.

Mwezi huo bibi alijikata kidole cha mguu kwa kigae, ukingoni mwa falaji, ule mfereji wa maji nyuma ya nyumba. Kidonda kidogo tu, kama cha kucha. Akakifunga kitambaa akavaa soksi. Joto la Ibra, na yeye kavaa soksi! Nilikiona mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia kitambaa. Kilikuwa chekundu, kikawa cheusi. Nikasema, "Bibi, tumwambie mama."

Akanishika kifundo cha mkono. "Ukimwambia mama'ko atapekua, atajua yote. Ataniweka hospitali, na wewe sikutambui tena. Unasikia? Sikutambui."

Sikumwambia. Mama naye alikuwa na mwenziwe kazini aliyekuwa likizo, akawa anaondoka kabla jua halijachomoza na kurudi baada ya isha; kupima akampima kitandani, mbiombio, na mguu bibi keshauficha ndani ya shuka. Ni baba aliyegundua, aliporudi mwisho wa wiki akainama kumbusu mamake mkono. Alisita. Akauliza, "Kinanuka nini?"

Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Aliporudi nyumbani jamaa walijaa. Walikuja kutoka Nizwa, wakatoka Al Hamra, wakatoka Jalan Bani Bu Ali. Wanawake sebuleni na mashungi yao, wazee wa kiume mlangoni, vikombe vya kahawa vinagongana. Bibi alikuwa juu ya godoro, mimi ubavuni pake. Akalia, tena kilio cha kweli, halafu akasema mbele ya wote:

"Mkaza mwana kanishindisha na tambi na majani. Damu yangu imekuwa maji. Mguu umeniozea mwilini kwa njaa, nami n'na mwana anayefanya kazi serikalini."

Watu wakamgeukia mama. Alikuwa kasimama na dele ya kahawa. Akasema, kwa heshima, "Mama, kwa nilichokuwa nikikupa mimi, sukari yako isingefika pale. Kuna mtu akikupa tamu. Wallahi kuna mtu."

"Unasema mie mwongo?"

Baba akanitazama mimi. "Wewe ndiye uko naye mchana. Sema kweli. Bibi akila nini?"

Mkono wa bibi ulikuwa juu ya kifundo changu, hakukibana. Ulikuwa umelala tu. Mama ananitazama usoni, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyekwisha pona, maana alijua kuwa mimi ndiye shahidi wake. Nikatazama zulia. Nikasema, "Akila anachopika mama tu."

Sikulia. Nilisema kwa Kiswahili kilichonyooka, na shangazi mmoja akasema mashallah, mtoto anajua kusema.

Baba hakumpiga mama wala hakumwacha. Alifanya jambo ambalo watu waliliita la uungwana. Alimwambia, pale pale, kuwa kuanzia wiki ile aache kazi akae amtazame mkwewe, na apike chakula cha watu. Mama aliuliza, "Mbele ya wote hawa?" Baba akasema, "Mbele yao wote umemfedhehi mama yangu."

Akaacha kazi. Miaka minane ya kazi, akaipeleka barua ya kujiuzulu siku ya Jumamosi. Wiki ile ile bibi alitaka vitambaa laini vya kuoshea kigutu cha mguu, akasema vya dukani vinamkwaruza. Mama aliingia chumbani, akatoka na sare zake nyeupe za unesi, akakaa chini na mkasi akazikata vipande vipande mbele yetu. Alikata sawasawa, kama anayekata nguo ya mtoto. Bibi alisema, "Hizo ndizo."

Miaka miwili alimwosha kwa vile vitambaa. Alipika wali wa nazi, sambusa, mikate ya kumimina, ananuka samli tangu asubuhi. Tamu sasa ililetwa waziwazi, kwenye sinia, na mama hakupima tena kwa sababu alikatazwa. Macho ya bibi yakaenda, kisha figo. Alipokufa walisema mkaza mwana alijirekebisha mwisho, alhamdulillahi. Mimi nilibaki na sanduku la mbao; bibi aliniusia mimi.

Unauliza kwa nini sikusema baadaye. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, kumi na tano, ishirini. Mwanzo niliogopa kipigo, halafu nilimwogopa bibi aliyekwisha zikwa, halafu siri ilikuwa imeshakaa muda mrefu mno, kama mwiba ambao nyama imeshaufunika, ukautoa utapasua upya. Baba akafa. Mama hakurudi kazini tena. Walimwambia amepitwa na mambo.

Nilisema nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama alikuja kunilea arubaini. Alikuwa akinikanda mgongo kwa maji moto, na mimi nikaanza kulia, nikamweleza yote: halwa, sanduku, kidonda, zulia. Mikono yake haikusimama. Alinikanda mpaka kiunoni, akakamua kitambaa, akasema:

"Nilijua."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu pale pale. Mtoto akisema kweli hutazama mtu. Na mtandio wako ulikuwa ukinata, nani alikuwa akiufua?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme mwanangu ni mwongo, mbele ya watu? Wangekushika wewe wakakupiga. Nikasema atasema mwenyewe. Leo atasema, kesho atasema. Nilikuwa nikikungoja mpaka nilipoipeleka ile barua. Nilichelewa kuipeleka siku tatu, kwa ajili yako."

Nikamwomba radhi. Nikamshika mkono kuubusu, naye akautoa taratibu, kwa kuwa ulikuwa na maji.

"Radhi nimeshakupa zamani, usije ukaungua motoni kwa ajili yangu. Lakini ungesema wakati ule ingenifaa mimi. Leo inakufaa wewe." Akachukua beseni akaenda kumwaga.

Nyumba ile imebomolewa. Pana maegesho ya magari sasa, na falaji imefunikwa kwa saruji. Yule jirani alihamia kwa wanawe. Kuna mchana mmoja mwaka jana nilitaka kulimaliza jambo hili. Nilikaa na simu nikaanza kuwakumbuka waliokuwa sebuleni siku ile, mmoja mmoja, ili niwapigie, niwaambie kuwa mkaza mwana hakumuua mtu. Shangazi wa Nizwa, marehemu. Wa Al Hamra, marehemu. Wazee wa mlangoni, wote chini ya ardhi. Wa Jalan yuko hai, mwanawe akampa simu, akanisalimia kwa jina la mtu mwengine. Nilimweleza vivyo hivyo, mpaka mwisho. Alinisikiliza kwa adabu kubwa. Kisha akaniuliza kama bibi yangu hajambo.